Nani aliuchora mpaka kwenye maji, na nani anaulinda?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Msimbati, Mtwara. Mwezi wa pili kaskazi ilitusukuma usiku, tukapita mlango wa Ruvuma bila kujua. Alfajiri boti ya doria ya upande wa Msumbiji ikatukamata. Walichukua wavu wetu wa jarife na samaki wote, tukalala huko siku mbili, kisha wakatuachia na karatasi moja ya Kireno. Shangazi yangu ameolewa Kionga, huko huko ng'ambo, na babu yetu ni mmoja. Naomba unieleze: nani aliuchora mpaka kwenye maji? Na hiyo sheria ya kimataifa, nchi ikiivunja nani anaikamata? Maana sisi tulikamatwa haraka sana, lakini nchi kubwa tunasikia redioni zinaingia kwa wenzao na hakuna anayezigusa.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni wewe na wenzako kwa siku mbili mlizolala ugenini, na poleni kwa jarife, maana najua halinunuliwi kwa mauzo ya wiki moja. Nimefundisha sheria za mataifa miaka mingi na swali lako huulizwa darasani kila mwaka, ila huulizwa na vijana ambao mpaka wanaujua kwa ramani tu. Wewe umeujua kwa nyavu zako. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, na nitaanzia hapo hapo mlangoni mwa Ruvuma kabla ya kwenda kwa hao wakubwa wa redioni.

Mpaka huo mmeurithi kwa watu ambao hawakuwahi kuvua Msimbati. Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mto Ruvuma utenganishe maeneo waliyojigawia, kuanzia baharini hadi unapokutana na mto Msinje, na kutoka hapo mstari unyooke kwenda Ziwa Nyasa. Mtu anayetazama ramani akiwa Ulaya huuona mto kama ukuta. Mmakonde wa Kitaya au Kilambo anauona mto kama njia. Analima mpunga huku, anamzika mjomba wake kule, na mtumbwi ni mmoja.

Upande wa pwani hata huo mto haukuwatosha. Mwaka 1894 walirudi mezani wakakata kipande cha kusini mwa mlango wa mto kwa kufuata latitudo ya digrii 10 na dakika 40, Kionga ikaangukia kwa Wajerumani. Maana yake ni kwamba kwa miaka ishirini na ushee Kionga anakoishi shangazi yako na Msimbati yenu zilikuwa chini ya dola moja. Aprili 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wareno wakaichukua Kionga kwa bunduki. Mwaka 1919, katika mazungumzo ya amani ya Paris, washindi wa vita wakaithibitisha kuwa ya Ureno. Watu wa Kionga hawakuulizwa, wala hakuna mzee wao aliyeitwa kutoa ushahidi. Nakueleza haya bila kuyapamba kwa sababu wapo wanaoizungumzia sheria ya kimataifa kana kwamba ilizaliwa safi. Ilizaliwa mikononi mwa wenye mizinga, na mipaka yetu mingi ni kumbukumbu ya nani alikuwa na nguvu mwaka gani.

Lakini tazama kilichobadilika. Mwaka 1916 kuteka kijiji cha jirani, halafu ukapewa hati ya kukimiliki, lilikuwa jambo la kawaida. Tangu mwaka 1945, Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 2, unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya ardhi ya nchi nyingine. Leo nchi inaweza kuteka, na zipo zinazoteka, ila hati haipati. Shika neno hilo la hati, tutalirudia.

Sasa mto wenyewe. Ukienda Kilambo wakati wa kiangazi unaona mchanga umejitokeza katikati ya maji, na watu wanashuka kwenye mtumbwi na kutembea. Rudi baada ya masika, mchanga ule haupo, au umehamia pengine. Mpaka uko wapi hapo? Waingereza waliokuwa Tanganyika na Wareno wa Msumbiji walibadilishana barua rasmi mwaka 1936 na 1937 kuhusu mto huo na visiwa vyake, kwa sababu kisiwa cha mtoni kinalimwa, na kinacholimwa hugombewa. Kanuni ya jumla inayotumika duniani ni kwamba katika mto unaopitika kwa vyombo mpaka hufuata mkondo wenye kina kirefu, ambao wanasheria huuita talwegi. Mto ukila ukingo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka husogea pamoja nao. Mto ukiruka kwa mafuriko ya usiku mmoja ukachimba njia mpya, mpaka hubaki kwenye njia ya zamani hata kama imekuwa mchanga mkavu. Wazee wanaolima kandokando ya mto wataielewa kanuni hii upesi kuliko wanafunzi wangu.

Na usidhani mabishano ya visiwa vya mtoni ni mambo madogo. Botswana na Namibia waligombea kisiwa kimoja katika mto Chobe. Botswana wanakiita Sedudu, Namibia wanakiita Kasikili. Kina ukubwa wa kilomita za mraba kama tatu na nusu, na msimu wa mafuriko hufunikwa na maji. Mkataba uliotawala mgogoro ulikuwa wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, wakoloni wale wale. Nchi hizo mbili zilipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, nchini Uholanzi. Majaji walipima kina, upana na wingi wa maji katika mikondo miwili inayokizunguka kisiwa, na Desemba 1999 wakaamua kwamba mkondo mkuu ni wa kaskazini, hivyo kisiwa ni cha Botswana. Wakaongeza jambo ambalo mimi nalipenda kuliko hukumu yenyewe: raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe sawa katika mikondo yote miwili. Namibia, iliyoshindwa, ikakubali. Hakuna askari wa The Hague aliyekuja kuilazimisha.

Utaniuliza, kwa nini tulipopata uhuru hatukuifuta mistari ya wakoloni? Swali hilo Mwalimu Nyerere alilikuta mezani siku ya kwanza. Desemba 1961 aliutaarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili iliyoachwa na Waingereza ingeendelea kwa miaka miwili tu, na isiyojadiliwa upya ndani ya muda huo ingekufa. Ulikuwa msimamo wa kijasiri kwa nchi changa, na vitabu vya sheria mpaka leo huutaja kwa jina lake. Mipaka, hata hivyo, haikuwekwa kwenye fungu la kufutwa. Julai 1964, wakuu wa nchi za Afrika wakiwa Cairo, waliahidi kuiheshimu mipaka kama ilivyokuwa siku nchi zilipopata uhuru, na Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Somalia na Moroko zilikataa. Mwaka 1977 Somalia ikaingia vitani na Ethiopia kwa ajili ya eneo la Ogaden, na hasara ya vita ile Wasomali wameibeba vizazi.

Mwalimu hakuipenda mipaka ile, aliona ni ya ovyo. Alichohofia ni kwamba ukifungua mmoja utafungua yote, na kila jirani atakuwa na ramani ya babu yake mfukoni. Sisi wa kusini tuna sababu ya pekee ya kumshukuru. Wapiganaji wa Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walifundishwa Nachingwea, Lindi, kwa miaka, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 Tanzania ilikuwa mfadhili wake mkubwa. Nchi nyingine katika nafasi ile ingedai Kionga irudishwe kama malipo ya hisani. Tanzania haikudai. Ninyi mnaolala usingizi Msimbati bila bunduki kulia ng'ambo kwa sababu ya mpaka mmefaidika na uamuzi huo, ingawa hakuna aliyewaambia.

Twende baharini, maana huko ndiko mlikokamatwa.

Bahari haina mto wala mti wa mpakani, kwa hiyo dunia ilibidi ikubaliane wapi pa kuanza kuhesabu. Jibu lake utalielewa kuliko profesa yeyote wa Ulaya. Huanzia pale maji yanapokupwa. Siku za bamvua, maji yakishatoka, akina mama wa Msimbati na Msangamkuu hutembea mbali juu ya mwamba wakichokoa pweza. Kule mwisho, ambako miguu yao inakutana na maji, ndiko takribani ulipo mstari wa msingi wa Jamhuri ya Muungano, kama unavyowekwa kwenye ramani rasmi za bahari. Kutoka hapo unahesabu maili 12 za baharini, karibu kilomita 22, na hiyo ni bahari yetu kama ardhi ilivyo yetu. Unaendelea hadi maili 200, karibu kilomita 370, na huko Tanzania ina haki ya samaki, mafuta na gesi, ingawa meli za mataifa mengine zinaruhusiwa kupita.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1973 Tanzania ilijitangazia maili 50. Wakati huo kila nchi ilijipimia yake: wengine maili 3, wengine 12, baadhi ya nchi za Amerika Kusini 200. Mataifa yenye manowari yalitaka bahari ya pwani iwe nyembamba ili yapite kwa raha. Nchi maskini za pwani zilitaka samaki wao wasibebwe na meli kubwa mbele ya macho yao. Zilijadiliana tangu 1973 hadi 1982, miaka tisa, na mwisho wakauziana: nyinyi chukueni maili 200 za uchumi, sisi mtuachie njia ya kupita. Mkataba ukasainiwa Montego Bay, Jamaika, Desemba 1982. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na kwa sheria ya mwaka 1989 ikaachana na ile maili 50 ikachukua 12, pamoja na ukanda wa uchumi wa maili 200. Mzee Joseph Warioba, ambaye wengi mnamjua kwa Tume ya Katiba, ndiye aliyeongoza tume ya Umoja wa Mataifa ya kuandaa taasisi za mkataba huo, na baadaye akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Huwa nasikitika tunapoacha kuwasimulia watoto wa pwani kwamba mtu wa kwetu alikuwa pale.

Mstari mliouvuka ulikubaliwa Maputo, Desemba 1988. Wataalamu wa nchi mbili walifunga mdomo wa ghuba ya Ruvuma kwa mstari mnyoofu kutoka Ras Mwambo, upande wetu, hadi Rasi Suafo, upande wao, wakayagawa maji ya ndani. Kuelekea bahari kuu mpaka ulifuata kanuni ya kuwa umbali sawa kutoka pwani zote mbili, kisha mbele zaidi ukashika latitudo moja kwenda mashariki. Kipande cha mbali kabisa, panapokutana Tanzania, Msumbiji na Komoro, kilisubiri hadi Desemba 2011, nchi zote tatu ziliposaini.

Angalia tarehe hizo vizuri, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Mwaka 1988 mkataba wa bahari ulikuwa bado haujaanza kutumika rasmi, ulianza Novemba 1994. Msumbiji yenyewe ilikuwa bado haijauridhia na ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna mahakama iliyokuwa ikiwasukuma, na hakuna aliyewatishia. Walitumia kanuni zile kwa sababu zilikuwepo, zilijulikana na pande zote mbili, na ziliwaokolea kubishana kuanzia mwanzo. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imeonekana tangu 1982, lakini ile gesi kubwa ya kina kirefu upande wa Msumbiji ilianza kugunduliwa mwaka 2010, zaidi ya miaka ishirini baada ya wino kukauka. Jaribu kufikiri kama mpangilio ungekuwa kinyume: gesi ya matrilioni imeshaonekana, mstari bado. Nani angekubali kurudi nyuma hata maili moja?

Huna haja ya kufikiri sana, Kenya na Somalia walilipitia. Hawakuwa na mpaka wa bahari uliokubalika, vitalu vya mafuta vikaanza kugawiwa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000 likawa na wenyewe wawili. Somalia ilikwenda The Hague mwaka 2014. Kenya ilijitoa kwenye shauri kabla ya kusikilizwa kwa maneno, na hukumu ilipotoka Oktoba 2021, sehemu kubwa ikienda kwa Somalia, ikasema haiitambui. Hapo utasema: si unaona, imekataa na hakuna aliyeikamata! Ni kweli. Lakini muulize mwenye fedha kama atakopesha mabilioni ya kuchimba katika maji ambayo mahakama ya dunia imesema si ya anayetoa leseni. Ndiyo ile habari ya hati. Bila hati unaweza kukaa juu ya mali, usiweze kuiuza wala kuiwekea dhamana.

Sasa nijibu moja kwa moja: nani anaikamata nchi? Mara nyingi, hakuna. Dunia haina kituo cha polisi. Mahakama ya The Hague ina majaji 15 na haina mgambo hata mmoja, na haiwezi kusikiliza shauri mpaka nchi husika ziwe zimekubali mamlaka yake kwa namna fulani. Hukumu ikipuuzwa, aliyeshinda anaweza kulalamika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na huko nchi tano, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, zina kura ya turufu. Mwaka 1986 Nikaragua iliishinda Marekani The Hague, ikapeleka hukumu barazani, Marekani ikaizuia kwa turufu yake. Machi 2022 mahakama hiyo hiyo iliiamuru Urusi isitishe operesheni zake za kijeshi Ukraine, na vita vikaendelea. Siwezi kukudanganya juu ya hilo. Turufu ni dhuluma iliyoandikwa ndani ya sheria, na mimi ninayeipenda sheria hii naona aibu kila ninapoifundisha sura hiyo.

Lakini fikiria shamba la mikorosho. Usiku hakuna anayelinda mti wa mpakani. Jirani anaweza kuung'oa akausogeza hatua kumi na asikamatwe. Kwa nini wengi hawafanyi? Wazee wanaujua mti ule ulipokuwa. Msimu ukifika atahitaji watu wa kumsaidia kuokota korosho kabla mvua haijaziharibu, atahitaji shahidi kwenye mirathi yake, atahitaji majirani akifiwa. Na akishausogeza wa kwako, wa upande wa pili naye atausogeza wa kwake. Wapo wakorofi wenye nguvu wanaosogeza na wanaishi nao. Hata hivyo kijiji kizima hulala kwa sababu miti mingi haiguswi. Nchi nazo ni hivyo. Barua inafika ng'ambo, ndege inaruka juu ya nchi saba, balozi hakamatwi, meli ya mizigo inaingia bandari ya Mtwara na karatasi zinazoeleweka kila mahali. Haya hayasomwi kwenye taarifa ya habari kwa sababu hayajavunjika.

Na wakati mwingine mkosaji hukamatwa kweli. Mtakumbuka Januari 2018, meli ya uvuvi Buah Naga 1, yenye bendera ya Malaysia, ilipoletwa bandarini Mtwara baada ya kukutwa na mapezi ya papa. Meli ya nchi ya mbali, ikakaguliwa baharini na kupelekwa bandari yetu, na Malaysia haikutangaza vita. Haki hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye ukanda ule wa maili 200 uliopatikana Montego Bay. Kwa maguvu ya manowari tusingeweza. Nchi yenye jeshi kubwa la majini inaweza kujilindia samaki wake bila mkataba wowote. Sisi tunauhitaji mkataba kuliko wao, na ndiyo sababu naumia nikisikia vijana wa Mtwara na Lindi wakisema sheria ya kimataifa ni ya wazungu.

Bakassi pia nitaitaja kwa ufupi. Nigeria, taifa lenye watu wengi kuliko yote Afrika, iliambiwa na mahakama Oktoba 2002 kwamba rasi ya Bakassi, ambayo majeshi yake yalikuwepo, ni ya Kameruni. Ilichukua mazungumzo ya miaka, Umoja wa Mataifa ukiwa katikati, lakini Agosti 2008 Nigeria ilikamilisha kuikabidhi.

Sheria hii inatudai na sisi, lazima niliseme hilo pia. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto wakaishambulia Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba za watu. Hasira ilikuwa kubwa, na wapo waliotaka jeshi livuke siku ile ile. Kuvuka bila ridhaa ya Msumbiji kungekuwa kuivamia Msumbiji. Njia iliyofuatwa ilikuwa ndefu zaidi: Julai 2021 majeshi ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, yaliingia kwa kibali cha Maputo na yakakaa hadi 2024. Lakini mwaka huo huo wa 2021, baada ya mji wa Palma, huko huko Cabo Delgado, kushambuliwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema hadharani kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia kwetu walirudishwa kupitia Negomano, upande wa pili wa Daraja la Umoja. Tanzania imeridhia mkataba wa wakimbizi wa 1951 na ule wa Afrika wa 1969, na vyote viwili vinakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Hakuna aliyetukamata. Ila ukisoma taarifa ile, na ukikumbuka wakimbizi tuliowapokea kusini miaka ya sitini, unajisikia kama mtu aliyeitwa jina lake barazani. Nchi hujisikia vivyo hivyo, na mara nyingine hubadilika kwa hilo tu.

Nirudi kwenu. Mlikuwa karibu na mlango wa mto, kwa hiyo mlikuwa ndani ya maji ambayo Msumbiji inayatawala kama ardhi yake, na sheria zake za uvuvi zinawahusu. Kukamatwa kwenyewe hakukuwa kosa la kimataifa. Lakini mlikuwa na haki ambazo nadhani hamkuambiwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za kibalozi unasema mgeni aliyewekwa kizuizini ana haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe, na wanaomshikilia wana wajibu wa kumwambia kwamba haki hiyo ipo. Tanzania ina ubalozi Maputo. Maputo ni mbali, ndiyo, ila simu haitembei kwa miguu. Siku nyingine sema neno moja tu, embaixada, na ulirudie. Ni ubalozi kwa Kireno. Tena kama mngekamatwa mbali zaidi, katika ukanda wa uchumi, mkataba wa bahari unaitaka nchi iliyokamata iachie chombo na mabaharia upesi baada ya kuwekewa dhamana ya kiasi cha haki, na iijulishe nchi yao.

Kuhusu ninyi na ndugu zenu wa Kionga, mnaovua maji yale yale tangu kabla ya 1886, ipo njia ambayo wengine wameipita. Eritrea na Yemen waligombea visiwa vya Bahari ya Shamu. Majaji wa usuluhishi waliwagawia visiwa mwaka 1998, na wakasema wavuvi wa asili wa pande zote mbili waendelee kuvua kama walivyozoea, mpaka au si mpaka. Uamuzi ule hauwafungi Tanzania na Msumbiji, lakini unaonyesha kwamba mstari unaweza kubaki ulipo na dau likaruhusiwa kuuvuka. Itifaki ya Uvuvi ya SADC ya mwaka 2001 nayo ina sehemu inayowahusu wavuvi wadogo. Nchi hizi mbili zinaweza kukaa na kuandikiana utaratibu: vyombo vilivyosajiliwa, umbali fulani, aina fulani za nyavu, na anayepotea usiku kwa upepo arudishwe na jarife lake. Mimi nauona ni wajibu wao, na nimeusema kila nilipopata nafasi. Serikali huanza kuongea pale matukio yanapoandikwa na kuhesabika, na yenu hayajaandikwa popote isipokuwa kwenye barua uliyoniletea.

Kwa hiyo ile karatasi ya Kireno msiitupe. Ipigeni picha leo, pande zote mbili. Nahodha aandike tarehe, saa, upepo ulivyokuwa, walipoiona boti ya doria, vitu vilivyochukuliwa na thamani yake, na kila mmoja wenu aweke sahihi. Kama kuna mwenye simu iliyohifadhi mahali mlipokuwa usiku ule, mwambie asifute chochote. Pelekeni nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya mkiwa na uongozi wa BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani, na ombeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Waulizeni pia wenzenu wa vijiji jirani kama wana karatasi kama hiyo. Mkipata tano au sita, niandikie tena, nitawasaidia kuandaa barua ya kwenda Wizara ya Mambo ya Nje.